Gesti ina vyumba 14, waifai ina vifaa 61. Niliyoyakuta, tujadili ulinzi wa waifai

FundiKebo (mleta uzi)

Kwema wakuu.

Mimi ni fundi wa mitandao hapa Tanga. Navuta nyaya, nafunga kamera, narekebisha ruta za watu. Wiki iliyopita niliitwa kwenye gesti moja. Jina sitaji, mwenyewe ni mteja wangu na bado nataka anilipe. Lalamiko lake ni lile la siku zote: "Fundi, hawa watu wa faiba wananiibia. Kila mwezi nalipia, jioni hata meseji ya WhatsApp haitoki."

Nikachomeka laptop, nikafungua ukurasa wa ruta. Jina admin, pasiwedi admin. Ukafunguka kama mlango wa choo cha stendi. Nikaenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Gesti ina vyumba 14, siku ile waliolala walikuwa tisa. Orodha inasoma vifaa 61.

Nikamgeuzia mzee laptop aone mwenyewe. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Sasa hawa wengine wamelala wapi?"

Wamelala nje. Mbele ya geti kuna kijiwe cha bodaboda na banda la chipsi, ng'ambo ya barabara kuna nyumba za kupanga. Pasiwedi haijabadilishwa tangu gesti ifunguliwe, nayo ni namba ya simu ya mzee mwenyewe, imechapwa, imepigwa laminesheni, imebandikwa mapokezi. Nilipotoka kunywa kahawa pale kijiweni nikamkuta kijana ana picha ya QR ya waifai ile kwenye simu yake, anawaskanisha wenzake kwa mia tano mia tano. Biashara isiyo na mtaji. Android tangu toleo la 10 inamruhusu mtu aliyekwisha kuunganishwa atoe QR ya mtandao kwa wengine, na ndani ya ile QR pasiwedi imeandikwa kavu, haijafichwa na chochote. Ukimpa mmoja, hesabu umeupa mtaa.

Hadi hapo mzee anawaza bando tu. Mimi ndiyo kwanza naanza kuogopa.

Niliunganisha simu yangu kama mgeni yeyote, nikafungua programu ya mafaili, nikaiambia itafute kompyuta zilizo kwenye mtandao huo. Ikaja moja, ya mapokezi. Ndani yake kuna folda imeandikwa SCAN WAGENI. Haikuniuliza pasiwedi. Nikabonyeza. Vitambulisho vya NIDA, leseni, pasipoti, za miaka mitatu nyuma, kila mgeni na faili lake. Picha ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye miwani, namba yake yote inasomeka na saini iko pale chini. Nimesimama koridoni, simu mkononi, sijadukua kitu chochote, nimebonyeza tu kama mtu anayetafuta picha za harusi. Nikafunga haraka.

Mashine ya kamera nayo ilikuwa na pasiwedi ya kiwandani. Yaani kijana wa mia tano pale nje, kama angekuwa na udadisi kidogo, angeweza kukaa kijiweni akiangalia nani anaingia chumba gani na nani.

Ndiyo sababu nimeleta uzi huu. Watu wengi wakisikia waifai imeingiliwa wanawaza bando na spidi. Bando ni hasara ndogo kuliko zote. Aliye kwenye waifai yako yuko ndani ya nyumba, na vitu vyako vya ndani (kompyuta, printa, kamera, televisheni) vinamchukulia kama mwenyeji. Njooni tuzungumze.

Mzee wa Bando

Mleta uzi umetuharibia. Mimi kuna gesti ya hivyo nilikuwa napakulia mechi, sasa wakisoma huu uzi nitakula wapi?

Nyuki Mkali

Nimekaa siti ya mbele. Lete ulichofanya baada ya hapo, usituache njiani.

FundiKebo

Nyuki, nakuja. Nilianza na folda, kabla ya ruta. Nikaondoa ushirikishaji kwenye ile kompyuta ya mapokezi na kuiambia ihesabu mtandao ule kama wa hadharani, si wa nyumbani. Kwenye Windows ni mbofyo mmoja, ila ndio unaoamua kama jirani anaiona kompyuta yako au haioni.

Ruta ikafuata. Pasiwedi ya admin ikabadilika kwanza kabla hata ya ile ya waifai, kwa sababu mwenye admin anaweza kusoma ya waifai wakati wowote. WPS nikazima. Nikapakia programu mpya ya ruta, maana iliyokuwemo ilikuwa ya siku ruta ilipotoka kwenye boksi. Kuingia kwenye ukurasa wa ruta kutokea nje, kupitia intaneti, nako nikazima. Sijui aliyekuwasha alikuwa na nia gani.

Halafu nikatenganisha. Wageni mtandao wao, ofisi mtandao wake, kamera ziko na ofisi. Ule wa wageni nikawasha kitu kinachozuia simu moja isiione nyingine. Mgeni anaenda intaneti moja kwa moja, hapiti kwa jirani. Pasiwedi ya wageni inabadilika kila Jumatatu, inaandikwa kwenye kikadi anachopewa mtu pamoja na ufunguo. Laminesheni nimeing'oa kwa mkono wangu.

BintiSahare

Shukrani mkuu. Mimi nina duka la vitenge, natumia kale karuta ka laini ka mfukoni. Pasiwedi nimeiacha ileile ya kwenye stika. Na mimi nimo hatarini au haya ni ya wenye magesti?

FundiKebo

Dada, pasiwedi ya stika kama ni herufi na namba zilizochanganyika ovyo, si mbaya sana. Ubaya wake ni kwamba iko kwenye stika. Kila mteja anayekaa karibu na meza yako akigeuza kale karuta ameipata. Juzi nimeona mtu anauza ruta yake mtandaoni, picha ameipiga vizuri kabisa, stika inasomeka hadi nukta, na ruta bado inatumika nyumbani kwake. Badilisha zote mbili, ya waifai na ya ukurasa wa ruta. Na wateja wakiomba "dada tuwekee waifai", wape hotspoti ya simu nyingine, si ile unayopokelea malipo.

Chumvi Nyingi

Mbona rahisi tu, ficha jina la waifai lisionekane. Halafu weka orodha ya simu zinazoruhusiwa, nyingine zote ruta izikatae. Mimi nyumbani nimefanya hivyo miaka minne, hajaingia mtu.

KijanaWaUmoja

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Mimi kazi yangu ni kuunganishia watu waifai kwenye ploti (majengo ya kupanga), kwa hivyo hii ya Chumvi Nyingi naisikia kila wiki. Ndugu, hajaingia mtu kwa sababu hajajaribu mtu.

Jina ukilificha, ruta inanyamaza lakini simu zako ndizo zinaanza kupiga kelele. Simu haisikii jina likitangazwa, basi kila inakokwenda, kwenye matatu, sokoni, kanisani, inauliza hewani, "Upo hapa Fulani? Upo?" Mwenye kifaa cha kusikiliza anapata jina bila jasho. Umelificha nyumbani ukalitembeza mjini kote.

Na ile orodha ya simu: ruta inaitambua simu kwa anwani yake ya MAC, na anwani hiyo husafiri hewani wazi hata kama mtandao umefungwa kwa WPA2, ule ulinzi wa pasiwedi wa waifai nyingi. Mtu anasikiliza, anaona simu yako imeruhusiwa, anavaa anwani yake. Isitoshe Android tangu 10 na iPhone tangu iOS 14 ya 2020 zinabuni anwani ya bandia kwa kila mtandao, kwa hivyo utakayemfungia nje kwanza ni mke wako.

Chumvi Nyingi

Hahaha, hilo la mke limeshatokea. Nilidhani simu yake mbovu.

KijanaWaUmoja

Ngoja niongezee hapo kwa WPS, maana mleta uzi amepita haraka na hiyo ndiyo mlango wa nyuma wa ruta nyingi za zamani.

Ni ile namba ya tarakimu 8 chini ya ruta, iliwekwa ili mtu aunganishe kifaa bila kuandika pasiwedi ndefu. Tarakimu 8 ukihesabu ni michanganyiko milioni 100, si mchezo. Lakini tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, inatokana na zile saba, kwa hivyo zimebaki saba. Halafu waliounda wakafanya kosa la ajabu: ruta inakagua nusu ya kwanza peke yake na inakuambia kama umekosea. Nusu ya kwanza ni tarakimu nne, majaribio 10,000. Nusu ya pili zimebaki tatu, majaribio 1,000. Jumla 11,000. Aliyelianika hadharani ni mtafiti Stefan Viehböck, Desemba 2011. Ruta ambayo haimfungii nje mtu akikosea mara nyingi inaweza kumalizwa ndani ya saa chache, na ikishakubali namba inamkabidhi pasiwedi yako yenyewe, hata iwe ndefu kama reli. Ruta za sasa nyingi zinajifunga baada ya makosa kadhaa, ila kwenye ploti bado nakutana na za zamani kila siku. Zima. Huihitaji.

Asubuhi Njema

Samahanini, mimi mgeni jukwaani. Mleta uzi alisema pasiwedi ilikuwa namba ya simu ya mwenye gesti kama vile ni kosa kubwa. Namba ya simu si ina tarakimu kumi? Nani atazibahatisha zote?

FundiKebo

Karibu sana. Swali zuri, nililisubiri.

Watu wanadhani mwizi anasimama nje ya ukuta anaandika pasiwedi moja moja kwenye simu, ruta inakataa, anajaribu nyingine. Hafanyi hivyo. Kwenye WPA2, simu yako ikiunganishwa kuna salamu fupi inapita kati yake na ruta. Anainasa hiyo salamu, dakika moja imetosha, anaondoka nayo. Kubahatisha anafanyia nyumbani kwake, ruta yako haijui, wewe hujui. Mwaka 2018 ikagundulika njia ambayo kwa ruta nyingi haimlazimu hata kusubiri mtu aunganishe, anaiomba ruta yenyewe.

Sasa piga hesabu ya kibongo. Namba zetu za mkononi zinaanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane. Hizo ni namba milioni 200 tu, zote za nchi nzima, zilizosajiliwa na zisizosajiliwa. Kadi ya picha ya kompyuta ya kuchezea gemu, si mpya, ya miaka kadhaa nyuma, inajaribu pasiwedi za WPA2 laki tatu hadi nne kwa sekunde. Gawanya. Dakika kumi hivi namba zote zimekwisha, na haijalishi ni ya mzee wa gesti, ya shemeji au ya marehemu.

Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa ni mbaya zaidi, hizo zinajaribiwa mwanzoni kabisa.

WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63. Mimi nawawekea watu maneno matano yasiyohusiana, kama bakuli-reli-mnazi-soksi-alhamisi. Hayo msiyatumie, nimeshayaandika hapa. Mtoto anaweza kuyasoma kwa sauti kwa mgeni, na kadi ya gemu itazeeka kabla hayajapatikana.

Mzee wa Bando

Wakuu, kwa roho safi kabisa, hiyo programu ya kunasa salamu inaitwaje? Nataka kujaribu ya kwangu.

Nyuki Mkali

Ya kwako iko gesti.

FundiKebo

Mzee wa Bando, kwa hilo sipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa, haijalishi mlango ulikuwa wazi. Kenya nao wanayo yao ya 2018. Mimi mwenyewe kabla sijagusa ruta ya mteja namwandikisha karatasi ya ruhusa.

Kaka Mkaguzi

Samahani, niwe mpinzani kidogo. Naona mnatisha watu. Siku hizi tovuti karibu zote zina kufuli (yaani mawasiliano yanafichwa njiani), benki ina kufuli, WhatsApp imefungwa mwanzo hadi mwisho. Zamani kweli: mwaka 2010 ilitoka programu ya Firesheep, mtu anakaa mgahawani anaingia kwenye Facebook ya wenzake kwa kubofya picha zao. Hilo limeshapita. Hata mtu akiwa kwenye waifai yangu ataona nini?

FundiKebo

Mkaguzi, nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Kama unachofanya kwenye waifai ni benki na WhatsApp tu, kufuli la tovuti linakulinda hata kwenye waifai ya stendi, na wanaowaambia watu "usifungue benki kamwe kwenye waifai ya nje" wamebaki 2010.

Ila folda ya SCAN WAGENI haikuwa na kufuli. Printa haina. DVR, ile mashine ya kurekodi kamera, mara nyingi haina, au inalo la maonyesho. Ukurasa wa ruta wenyewe hauna. Na akiingia kwenye ruta kwa admin/admin anaweza kubadilisha DNS, yaani ile daftari ambayo simu zote humo ndani zinauliza "tovuti fulani iko wapi". Kufuli litalalamika ukipelekwa kwingine, ni kweli. Sasa niambie, mama yako akiona onyo jekundu anafanya nini? Anabofya endelea.

Ruta yenyewe nayo ni kompyuta, inaugua. Mei 2018 kirusi cha VPNFilter kilikutwa kwenye ruta na vifaa vya mtandao zaidi ya 500,000 katika nchi zisizopungua 54, hadi FBI ikawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Miaka miwili kabla, kirusi kingine, Mirai, kilikuwa kinakusanya kamera na ruta kwa kujaribu orodha fupi tu ya majina na pasiwedi za kiwandani. Admin/admin imo.

Kaka Mkaguzi

Hiyo ya DVR umenipata. Naenda kuangalia ya kwangu.

KijanaWaUmoja

Kwa wenye maduka, kuna kisa kimoja cha kukumbuka. TJX, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Wezi walianza kuingia 2005 kupitia waifai ya duka iliyofungwa kwa WEP, ulinzi wa zamani kabla ya WPA2, wakapenya hadi kwenye kumbukumbu za kadi za benki, kampuni ikaja kutangaza Januari 2007. Kadi zaidi ya milioni 45. Albert Gonzalez, kiongozi wa genge, alifungwa miaka 20 mwaka 2010. Na udhaifu wa WEP ulikuwa umeshachapishwa tangu 2001 na watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir. Miaka minne ya taarifa, watu hawakubadilisha.

Msicheke. Mwaka jana nilikuta duka la jumla hapa Nairobi bado liko kwenye WEP, eti printa ya risiti haielewi kitu kingine. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt walionyesha WEP inafunguka chini ya dakika moja. Nikamwambia mwenye duka printa ivutiwe waya. Waya wa mita tatu. Akanunua.

Ukiweza, weka WPA3, mrithi wa WPA2, ilitoka 2018, na ile mbinu ya kunasa salamu ukabahatishe nyumbani haifanyi kazi hapo. Kama simu za watu ni za zamani weka mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Lakini sasisha na simu, si ruta peke yake. Mashambulizi ya KRACK dhidi ya WPA2, aliyoyatoa mtafiti Mathy Vanhoef Oktoba 2017, yalilenga zaidi upande wa simu na laptop.

BintiSahare

Na mimi niseme langu. Nilikuwa stendi nasubiri basi, nikaona waifai yenye jina la mgahawa nilipokuwa nimekaa, haina pasiwedi. Nikaingia, ukaja ukurasa mzuri kabisa unataka imeili na pasiwedi ya imeili ndipo unipe intaneti. Nikaandika imeili, kabla sijamaliza nikamuuliza dada wa mgahawa. Akasema, "Sisi hatuna waifai."

Nyuki Mkali

Daah.

Chumvi Nyingi

Swali la mwisho kwa mafundi. Ruta yangu ya kampuni haina mtandao wa wageni. Nimenunua ya pili, nataka niichomeke nyuma ya ya kwanza, wapangaji watumie ya pili, mimi nibaki kwenye ya kwanza. Sawa?

FundiKebo

Geuza. Karibu kila mtu anaikosea hii, na mimi niliikosea kwa mteja wangu wa tatu.

Aliye kwenye ruta ya nyuma anaweza kuiona ya mbele, kwa sababu anapitia humo kwenda nje. Aliye mbele haoni waliojificha nyuma. Kwa hiyo ukiwaweka wapangaji kwenye ya pili umewapa dirisha la kuchungulia sebuleni kwako. Wapangaji wakae kwenye ya kwanza, wewe na kamera zako muhamie ya pili, kebo itoke ya kwanza iingie tundu la WAN (la kupokelea intaneti) la ya pili. Na pasiwedi ya admin ya ile ya kwanza lazima iwe ngumu, maana wanaifikia. Si dawa kamili, bado mambo yako yanapita kwenye ruta yao, lakini kwa bei ya ruta moja inatosha hadi upate yenye mtandao wa wageni.

Asubuhi Njema

Mkuu, vipi ile gesti, vifaa vimepungua?

FundiKebo

Wiki ya kwanza vilishuka hadi 17. Kijana wa mia tano alikuja mapokezi kuuliza kama kuna chumba cha saa moja.

Leo asubuhi mzee amepiga simu, intaneti imerudi kuwa nzito, ya ofisini sasa. Nimemuuliza dada wa mapokezi kama kuna mtu kampa pasiwedi ya ofisi. Akasema hapana, kampa mgeni wa chumba namba 6 peke yake, alilalamika ya wageni inakwama kwenye video. Amemskanisha tu.

Naelekea huko sasa hivi. Nauli ya bodaboda analipa mzee.